Mhariri, "Alhamdulillah" siyo sifuri

Assalamu alaykum Mhariri. Mie ni msomaji wenu wa huku Wete, Pemba. Barua hii ni ndefu, ikibidi kuikata ikateni lakini pale pa bibi na pale pa shangazi yangu nawaomba mpaache.

Niliwahi kufanya udadisi, zile kazi za mkataba wa miezi michache, unapewa tableti na begi na orodha ya nyumba unapita kijiji baada ya kijiji unauliza watu maswali. Utafiti wetu ulikuwa wa afya kwa jumla lakini ndani yake mlikuwa na kipande cha sonona, ile wanayoiita depression, maswali tisa tu. Siku ya pili ya kazi nikamkuta bibi mmoja kakaa barazani juu ya jamvi anachambua karafuu, nikapiga hodi, nikamwamkia, nikaomba ruhusa kama tulivofunzwa, akanikubalia. Nikamsomea: katika wiki mbili zilizopita ni mara ngapi umesumbuliwa na kujihisi uko chini? Akanitizama mie, akalitizama jamvi, akanambia "Mwanangu, mie siku zote niko chini, kiti sikiwezi kwa mgongo huu." Hakuwa anafanya mzaha, kajibu alichoulizwa. Nami nilikuwa mgeni wa kazi, nina nyumba nane za kumaliza kabla ya adhuhuri, nikabonyeza 3, yaani karibu kila siku.

Swali la usingizi akasema Alhamdulillah. Hamu ya kula, Alhamdulillah. Kuchoka, "uzee tu mwanangu, Alhamdulillah." Kote huko nikabonyeza 0, yaani hapana kabisa. Nikazima tableti, akanisindikiza mpaka kwenye migomba hapo njiani, na pale tumesimama, tableti imo begini, ndipo aliponishika mkono akanambia tangu afe mwanawe wa mwisho hajaujua usingizi, adhana ya alfajiri inamkuta macho, chakula anakitia mdomoni ili wajukuu wasimuone hali. Miezi saba hiyo. Na yote aliyonambia yalikuwa ndo majibu ya maswali niliyotoka kumuuliza robo saa nyuma! Sikurudi kubadilisha, utaratibu wa kazi ulikuwa mtu akishaweka saini imekwisha, na wallahi mpaka leo nikimkumbuka roho inanisuta. Bibi yule yumo kwenye hesabu za watu mahala fulani kwamba hana sonona, ana alama 3 na zote ni za kukaa juu ya jamvi.

Sasa sitaki watu wanielewe kwamba nakiponda kipimo chenyewe. Kinaitwa PHQ-9, kilitolewa mwaka 2001 na watafiti wa Marekani, Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams, na uzuri wake ni wepesi. Maswali tisa, kila swali lina 0 mpaka 3, jumla yake 27. Ukifika 10 unatakiwa utizamwe vizuri na mtaalamu, ukifika 20 hiyo ni hali kali. Hakilipiwi, hakitaki mashine wala umeme, nesi wa kituo cha kijijini anaweza kukitumia kwa dakika tano tu. Kwa sisi ambao madaktari wa akili ni wa kuhesabika kitu kama hichi ni neema, na Kiswahili chake watafiti wa Tanzania na Kenya wameshakifanyia kazi, siyo kwamba tunaanza na ukurasa mweupe. Ninachosema ni kwamba karatasi inapima kile tu kilichofika mdomoni, na huku kwetu kutoka moyoni mpaka mdomoni pana safari.

Nilimuuliza msimamizi kwa nini fomu yetu iliandika "uko chini", akanieleza kwamba tafsiri ilihakikiwa. Mtu wa kwanza kaitoa Kiingereza kaitia Kiswahili, mtu wa pili ambaye hajaiona ile ya mwanzo kairudisha Kiingereza, wakalinganisha, zikawa sawasawa. Lazima ziwe sawasawa! Kiingereza chao ndicho kinachosema mtu mwenye huzuni yuko chini, sasa neno ukilifuata mguu kwa mguu kwenda, litarudi mguu kwa mguu vile vile, na wakaguzi watafurahi. Katika safari yote hiyo ya kwenda na kurudi aliyekuwa hajaulizwa ni bibi wa barazani. Huku kwetu mtu hasemi yuko chini. Anasema roho yanisonga, moyo mzito, nina mawazo, nna ghamu, moyo haunitulii, sijisikii mwenyewe, nyumba yanitisha, dunia imenidhiki. Yapo maneno chungu nzima, kila mtu anayajua, na fomu haikuwa na hata moja.

Na kuna jengine ambalo mpaka leo sijui limempita vipi mkaguzi. Jibu la namba 2 kwenye fomu yetu liliandikwa "zaidi ya nusu ya siku". Makusudio yake ni zaidi ya siku saba katika zile kumi na nne. Lakini mtu wa kawaida akisikia nusu ya siku anaelewa asubuhi mpaka adhuhuri. Baba mmoja wa upande wa Konde alinijibu "hapana, ikifika saa nne huwa imeshaniondoka", nikashtuka, nikagundua kwamba nimeshahoji watu zaidi ya thelathini kwa swali ambalo mie nauliza siku wao wananijibu saa.

Halafu wakati. Tuliendelea na kazi mpaka ndani ya Ramadhani. Unamuuliza mtu katika Ramadhani kama usingizi wake umebadilika, kama kula kwake kumebadilika, kama amechoka. Mtu anasali tarawehe, anaamka daku, mchana ana swaumu, kila kitu kimebadilika na huenda moyo wake haujawahi kuwa mkunjufu kama mwezi huo! Msimu wa karafuu vile vile, mtu katoka juu ya mkarafuu mwili wote unamuuma, usiku mzima anachambua, ukimuuliza uchovu atakwambia karibu kila siku na ni kweli. Swali moja linauliza kama unashindwa kuweka akili yako katika mambo kama kusoma gazeti au kutizama televisheni. Bi mkubwa hasomi gazeti, televisheni hana, ila anasoma Yasini kila Alkhamisi usiku na anajua vizuri kama siku hizi anapotea aya katikati. Hilo ndo la kumuuliza.

Swali la tisa ndo zito kuliko yote, linauliza kama mtu amewaza kwamba bora afe au ajidhuru. Kwetu kujiua ni haramu na hata kulitamka ni aibu, na anayekuuliza ni mtoto wa watu uliyemuona leo, mumeo yuko nyuma ya pazia anasikia, utasema ndiyo? Nyumba zote nilizopita waliosema ndiyo hawazidi vidole vya mkono mmoja. Lakini wale wale waliosema hapana nimewasikia kwa masikio yangu wakisema "Mungu anichukue tu nipumzike", "nimeichoka dunia", "sina faida mie, nala tu." Nesi akiyasikia maneno haya asiyapite kama msemo wa kawaida. Asogee, amuulize mtu taratibu na wazi, asimuache peke yake, amfikishe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Kuna watu wanaogopa kwamba ukimuuliza mtu habari za kujiua ndo umempa wazo, utafiti umeshafanywa mwingi kwa jambo hili na umeonyesha kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, wengi wanapata nafuu kwamba mtu kawauliza.

Na sasa Alhamdulillah yenyewe. Sisi tumelelewa hivi, ukiulizwa hali, kabla ya chochote unamshukuru Mungu, hata mtu amelazwa na dripu mkononi. Ni dini na ni adabu, na mie sitaki mtu aniondolee mtoto wangu tabia hiyo. Ila kila mwenyeji anajua inavokwenda. Unaulizwa hujambo, unajibu sijambo, Alhamdulillah, halafu unavuta pumzi kidogo unasema "ila miguu tu." Au "ila usiku ndo siupati." Kile "ila" ndio taarifa! Anayejua kuuliza anasubiri "ila". Fomu haisubiri, mtu akisema Alhamdulillah mdadisi anabonyeza 0 anakwenda swali la pili, na hivyo shukrani ya mtu kwa Mola wake inageuzwa kuwa cheti kwamba haumwi.

Nije kwa shangazi yangu. Ni dada yake baba. Mumewe alikuwemo kwenye ile meli iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kuja kwetu, na hakuonekana, si mzima si maiti. Pemba nyumba nyingi zina habari ya usiku ule, sirefushi. Shangazi akakaa eda, miezi minne na siku kumi, akatoka, akalea watoto, akawa anasuka ukili wake na kuuza, watu wakamsifu ana subira. Miaka ikapita mingi. Halafu bila ya jambo lolote la kulishika mkononi akaanza kupungua. Hakulia na wala hakulalamika, alikuwa anaacha vitu kimoja kimoja tu. Kwanza aliacha harusi, na yeye alikuwa hakosi harusi, akenda kwa kila jirani. Kisha maulidi. Kisha udi, nguo zake zikawa hazinukii tena kama tulivyomzoea. Mwisho ukili. Ukindu alioutia rangi kwa mkono wake mwenyewe ukabaki konani mpaka ukafifia.

Ukimuuliza anasema "Alhamdulillah, ila miguu yawaka moto, na moyo wanipapa." Akapelekwa kituo cha afya, akapewa panadol na vidonge vya damu. Akarudi, akapewa tena. Mara ya tatu palikuwa na mtu anawasomea wagonjwa yale maswali tisa hapo hapo kwenye benchi la foleni, wenzake kulia na kushoto wanasikia, akatoka na alama 4. Wakamwambia huna kitu bi mkubwa, nenda kapumzike. Tukampeleka kwa shekhe akasomewa, akanywa kombe, na hapa nataka niseme kweli, alipata nafuu kidogo, nnavoona mie ni kwa sababu shekhe alikaa naye saa nzima akimsomea na kumsikiliza na hakumharakisha. Ila haikudumu.

Aliyempatia ni nesi mmoja mzaliwa wa kwetu. Yeye hakumuuliza kama ana huzuni. Alimuuliza "Shangazi, ukili unasuka siku hizi?" Basi. Shangazi akaanza kulia hapo hapo, kilio ambacho hatukukisikia hata mwaka 2011. Baada ya hapo ndo yakaja maneno, na daktari, na dawa, na mazungumzo kila wiki kwa miezi.

Kwa muda wote ule jamaa tulikuwa tunasema nini? Ndo tabia yake. Mnyamavu yule, kaumbwa hivyo. Na hili nalo ni la kupimwa vizuri, maana hulka ni kitu kimoja na hali ni kitu chengine na sisi tunavichanganya kila siku. Hulka ni vile mtu alivo miaka nenda miaka rudi, hali ni vile alivo mwezi huu. Wataalamu wanaopima hulka wana mafungu yao makubwa matano, na moja katika hayo ndo linalogusa sonona kuliko mengine, ni ule wepesi wa mtu kutikisika, kuingiwa na hofu, wasiwasi, hasira, huzuni kwa jambo ambalo mwenzake limempita. Mwenye fungu hili kubwa ana khatari zaidi ya kuingia kwenye sonona siku mambo yakimuelemea. Siyo maradhi hiyo, ni kama mtu mwenye kifua chepesi cha baridi, unamvisha sweta mapema. Lakini pana mtego. Ukimuuliza mtu tabia yake naye yumo ndani ya sonona, atakujibu kwa macho ya sonona, atakwambia mie siku zote niko hivi, sikuwahi kuwa na maana. Kwa hiyo inafaa waulizwe na waliomjua zamani. Baba yangu alipoulizwa alisema dada yake alipokuwa msichana kidumbaki kikilia hakai, na kucheka kwake kulikuwa kunasikika nyumba ya tatu. Sisi vijana tuliozaliwa nyuma hatukumjua mtu huyo, tukaona unyamavu ndo yeye.

Nimesoma kwamba vipimo hivi vya hulka asili yake ni kamusi. Mwaka 1936 Wamarekani wawili, Gordon Allport na Henry Odbert, walipekua kamusi kubwa ya Kiingereza wakatoa karibu maneno 18,000 ya kumueleza mtu alivo, na waliokuja nyuma yao wakayachuja na kuyapanga mpaka yakabaki mafungu. Fikra yao ilikuwa kwamba jambo likiwa na maana kwa watu basi watu watakuwa wameliwekea neno. Fikra nzuri sana, sasa mbona sisi tunaichukua orodha ya maneno yao badala ya kuichukua fikra yenyewe? Fungueni masikio mtaani. Mkunjufu, mcheshi, mnyamavu, msiri, mwenye haya, mwenye gubu, mwenye nongwa, mwenye kisirani, mwenye kinyongo, mwepesi wa kununa, mwenye moyo mwembamba, mwenye kifua, yaani anayeweza kulibeba jambo asilitoe. Hilo la mwisho tunalisifu, na mie siku hizi likinipita sikioni nashtuka, maana "ana kifua yule" ndo walivomsifia shangazi. Mwaka 2013 watafiti waliokwenda kwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa misitu ya Bolivia, walitoa matokeo yao kwamba yale mafungu matano hayakutokea kama yalivotarajiwa. Kama kule hayakutokea, kwa nini tuchukulie kwamba Micheweni yatatokea kabla hatujatizama?

Kitu chengine nilichokipenda katika elimu hii ni kuhusu furaha. Kuna kipimo cha mwaka 1988 cha David Watson na wenzake, maneno 20 ya hisia, kumi mazuri na kumi mabaya, na wanahesabu mazuri mbali na mabaya mbali kwa sababu waligundua kwamba furaha kupungua siyo kitu kimoja na huzuni kuongezeka. Mwaka 1991 yeye na Lee Anna Clark wakaandika kwamba wasiwasi na sonona vyote vina hisia mbaya nyingi, vinafanana hapo, lakini kinachoitambulisha sonona ni kukauka kwa furaha. Niliposoma hivyo nilimuona shangazi na ukindu wake. Sisi tunatafuta machozi, tukimuona mtu halii tunasema mzima. Machozi hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni vitu vyote alivovipenda vimekuwa havina ladha.

Na anayesema vipimo havibadilishwi amtizame mzazi. Mwaka 1987 kule Scotland ilitengenezwa fomu ya wazazi, maswali kumi, inaitwa kwa jina la mji wa Edinburgh. Walioitengeneza waliona kwamba mama aliyejifungua juzi hana usingizi wa kawaida na mwili wake umechoka, sasa ukimuuliza hayo utawaona wote wana sonona, wakayakwepa maswali ya mwili, hata la usingizi wakaliuliza vyengine: je, una majonzi mpaka usingizi unakuwa mgumu? Kumbe inawezekana. Mzungu alimtizama mtu wake na hali yake akakata fomu ikamkaa. Na Waafrika wenzetu wa Zimbabwe wakafanya zaidi. Walikaa na wagonjwa na waganga na manesi wakakusanya maneno ya Kishona wanayoyatumia watu wenyewe, na katika hayo mna neno kufungisisa, maana yake kuwaza mno, ambalo ukimwambia Mpemba anakuelewa papo hapo kwa sababu na yeye anasema ana mawazo. Wakatoa fomu ya maswali 14 ya ndiyo na hapana mwaka 1997. Fomu hiyo ndiyo inayotumika kwenye yale mabenchi ya mabibi aliyoyaanzisha daktari Dixon Chibanda kule Harare mwaka 2006, mabibi wa mtaani waliofunzwa wanakaa na mgonjwa kwenye benchi chini ya mti, wanamuuliza, wanamsikiliza, na jaribio lao lilotolewa mwaka 2016 likahusisha watu zaidi ya 500 na waliokaa na mabibi walipona vizuri zaidi kuliko wenzao. Mpango huu umeshafika hata Zanzibar. Basi benchi tumepokea, bado maneno.

Mie mwenyewe mwishoni mwa mkataba nilikuwa natembea na karafuu kavu kumi na nne kwenye kikopo. Namwekea mtu mkononi namwambia hizi ni siku, tangu Ijumaa ile nyengine mpaka leo, zile ambazo moyo ulikuwa mzito nitilie kwenye sahani hii. Mhariri, watu walikuwa wanabadilika. Anaishika karafuu anaigeuza, anasema hii ndo ile siku niliyokwenda makaburini, anaiweka. Hii tulikuwa na mgeni nilicheka, anairudisha. Hakuna nusu ya siku hapo, hakuna kukosea, na mkono ukiwa na kazi mdomo unafunguka. Nilipomueleza msimamizi akanikataza, akasema kila mdadisi akiuliza kwa mtindo wake namba hazitalinganishika. Na ana haki, nimekubali. Ndo maana siombi kila mtu ajitungie, naomba fomu yenyewe itengenezwe upya kwa ajili yetu na kila mtu aulize hivyo hivyo.

Namna ya kufanya inajulikana. Wizara ya Afya, chuo kikuu chetu cha SUZA na BAKIZA, lile Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wakae pamoja, waje Unguja mashamba na waje Pemba, wakae na mabibi, wavuvi, wachumaji, walimu wa madrasa, mama wenye watoto wachanga, wakusanye maneno. Wasisahau wanaume, maana mwanamume wetu hasemi moyo mzito, yeye anakuwa mkali nyumbani, anakwenda baharini peke yake, anakaa maskani hasemi na mtu. Kisha fomu mpya ijaribiwe kwa njia inayotakiwa: watu wale wale waulizwe kwa fomu, halafu wakae na daktari wa akili ambaye hajui alama zao, ionekane fomu imewapata wangapi kati ya wanaoumwa na imewatia wangapi wasioumwa. Ndo tutajua kwetu mstari ni 10 au ni 7 au ni 12. Na iulizwe mahala pa siri, siyo kwenye benchi la foleni, na muulizaji afunzwe kusubiri "ila".

Na wale wanaorusha kwenye magrupu ya WhatsApp zile "jipime sonona hapa" nawaomba waache. Kuna msichana wa mtaani kwetu aliandika alama zake 17 hadharani akidhani wote wataandika, watu wakamwita mgonjwa, wengine wakamtajia Kidongo Chekundu, hospitali ya akili ya Unguja, akajifungia ndani siku tatu. Alama haisemi una maradhi, inasema tafuta mtu akutizame vizuri, na huyo mtu siyo grupu.

Wakati naandika barua hii nilikwenda kwa shangazi nikamuuliza, shangazi, wakitengeneza karatasi mpya ungetaka wakuulize vipi? Alifikiri kidogo huku mikono yake haisimami. Akanambia "Mie waniulize nimesuka pima ngapi." Nikamuuliza, haya, umesuka pima ngapi? Tano tangu Ijumaa, akasema, nyeupe na zambarau, na ya sita ndo hii.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba